Pombe zetu za Nyanda za Juu Kusini: nianze na ipi mezani, na inywewe vipi ili itendewe haki?

Mdau wa Mafinga (ameanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na ndugu zangu wa Mbeya, ugonile.

Niko Mafinga, nina mgahawa wa bustani pembeni kidogo ya barabara kuu iendayo Mbeya. Wasafiri wanashuka kwenye magari, wananyoosha miguu, wanaagiza nyama choma au ugali na maharage, halafu wengi wananiuliza swali lile lile: hapa kwenu mnakunywa nini? Ninachoweza kuwaonyesha ni friji lenye bia za chupa zile zile walizoziacha Dar asubuhi. Inaniuma, kwa sababu jibu la kweli liko kilomita chache kutoka pale walipokaa, kwenye vichaka vya milanzi, mianzi yetu inayotoa ulanzi, na kwenye mapipa ya akina mama.

Nimekulia kwenye pombe hizi. Mgowe, yaani kazi ya pamoja, wa kulima shamba la mjomba wangu kule Kilolo haukuanza mpaka watu wameona komoni, pombe ya mahindi, imewekwa kivulini. Masika yakishika, ulanzi ulikuwa unaingia nyumbani kwenye dumu kabla hata ya chai, na mzee mwenye nyumba ndiye aliyeonja kwanza na kusema huu ni wa wanawake na wageni, huu ni wa wazee, huu urudisheni. Alikuwa anajua kutofautisha ulanzi wa asubuhi na wa jana yake kwa kuunusa tu. Ujuzi wa namna hiyo ungekuwa wa divai ya Dodoma tungeuita utaalamu, lakini kwa kuwa ni ulanzi, watu wanasema ni pombe ya walevi.

Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga kwa vitendo. Nataka mezani pangu pawe na ulanzi, komoni na kimpumu ya ulezi, kila kimoja kwenye chombo chake, kwa namna ambayo mgeni akionja ataelewa kwa nini wazee waliheshimu vitu hivi. Gongo simo kabisa, tusiijadili hapa. Leseni nimeshaanza kuifuatilia halmashauri, maana Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inazitambua pombe za kienyeji na inataka ziuzwe kwa leseni kama vileo vingine.

Sasa ninapokwama. Ulanzi naufahamu kuunywa, kuutunza siufahamu. Nikiutoa Kilolo asubuhi ukifika hapa mchana si ule ule tena. Komoni ninaipata, ila ladha inabadilika kila mpishi, na mgeni akija mara ya pili anadhani nimembadilishia kinywaji. Kimpumu ndiyo ninayoitamani zaidi na ndiyo ninayoijua kidogo, niliionja Tukuyu kwenye msiba wa rafiki yangu na tangu hapo sijakutana na kinywaji kinachofaa baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba kama kile. Wenye uzoefu, hasa wanaopika wenyewe, naomba mnielekeze. Nianze na ipi, na kila moja inywewe vipi?

Naomba kuwasilisha.

---

Mgema Kilolo

Kamwene mkuu. Mimi ni mgema, kazi hii nimerithi kwa baba. Nitajibu la ulanzi, mengine nawaachia akina mama.

Ulanzi si pombe ya kupika. Hakuna moto, hakuna kimea, hakuna hamira ya dukani. Mlanzi ni jamii ya mwanzi, wataalamu wanauita Oxytenanthera abyssinica. Mvua zikikolea, kuanzia Januari hivi, unatoa machipukizi mapya. Chipukizi likiwa bado laini unalikata ncha, unalitegea mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichozibwa chini, na maji matamu yanaanza kudondoka. Asubuhi unakwenda kukinga, unakata tena kipande chembamba kama ukucha ili kidonda kisizibe, jioni unarudia. Ukiruka zamu moja kidonda kinakauka na maji yanapungua.

Watu hawajui kwamba ulanzi unaanza kuchachuka humo humo ndani ya mbeta. Mbeta iliyokwishatumika ina hamira yake ya asili iliyojificha kwenye nyuzi za mwanzi, ndiyo inayoanzisha kazi. Siku hizi vijana wanatega chupa za maji za plastiki kwa sababu ni rahisi kupata, na mimi siwalaumu, lakini ulanzi wa mbeta na wa chupa ukiwekwa pamoja nitakutajia upi ni upi nikiwa nimefumba macho. Wa mbeta una harufu ya majani mabichi na povu lake ni dogo dogo, linakaa.

Kuhusu umri wake. Uliokingwa asubuhi hiyo ni mtogwa: mtamu, mweupe kama maji ya mchele, hata bibi asiyekunywa pombe anaonja. Kufikia jioni unaanza kuuma ulimi. Kesho yake utamu umekwisha, umekuwa mkangafu, huo ndio wa wazee. Siku ya tatu unaanza kuelekea siki, na hapo ndipo watu wa mjini wanapoonja kwa mara ya kwanza, wanakunja uso, wanasema ulanzi mbaya. Siyo haki. Ulanzi una saa zake, na aliyeuonja baada ya saa zake hajauonja.

Kwa hiyo ushauri wangu: usijaribu kuushikilia. Friji linaupunguza mwendo, haliusimamishi. Usilifunge dumu kwa nguvu, hewa inayotoka italivimbisha mpaka lipasuke ndani ya gari, nimeona kiti cha daladala kilicholowa. Legeza kifuniko, ziba kwa kitambaa safi, uuweke kivulini. Halafu kwenye meza yako uandike wazi: mtogwa hadi saa sita mchana, mkangafu kuanzia kesho yake. Mgeni achague. Ukiisha, umekwisha, asiandaliwe wa siku ya tatu kwa sababu tu amefika amechelewa.

Na ukumbuke ni wa msimu. Mwezi wa tano ukipita maji yanakauka. Atakayekuuzia ulanzi mwezi wa tisa muulize ameutoa wapi na ameuchanganya na nini.

Jambo moja la mwisho, linanigusa sana. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mlanzi. Mgema mwenye akili anaacha machipukizi kadhaa kila kichaka yakue, vinginevyo baada ya masika kadhaa kichaka kinabaki vigogo vizee. Ukiwa mnunuzi mkubwa, nunua kwa mtu anayeacha. Nenda shambani kwake uone mwenyewe kabla ya kukubaliana bei.

---

Mama Kimea, Tukuyu

Mwanangu wa Mafinga, marahaba hata kama hujanisalimia, nimekusikia kwenye maandishi yako. Mimi nimepika pombe Tukuyu tangu sijaolewa, na wanangu wamesoma kwa kimpumu na komoni. Nimefurahi kwamba kijana ameuliza vizuri, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu, vumilia.

Chanzo cha yote ni kimea. Mpishi anayenunua kimea asichojua kimeoteshwa lini na nani hawezi kukupa ladha moja wiki hii na wiki ijayo, na hilo ndilo tatizo lako la komoni. Chagua ulezi mwekundu, punje zilizojaa, usiwe na mchanga. Upepete, uuoshe mpaka maji yawe meupe, uuloweke usiku mzima. Asubuhi umwage maji, uutandaze kwenye gunia safi lililolowa, ufunike. Siku ya pili utaona vijimizizi vyeupe vinatokeza, siku ya tatu vimeshikana kama utando. Hapo unatia mkono katikati: pakiwa na joto kama la mtoto mwenye homa, ufumbue upesi upate hewa, la sivyo utaoza. Harufu ya kimea kizuri ni ya tango lililokatwa sasa hivi. Kikitoa harufu ya kabati la zamani, mpe nguruwe. Kisha anika juani mpaka punje ikitafunwa iwe kavu na tamu, ndipo usage, na usisage laini sana.

Kwa nini ulezi na si mahindi? Mahindi yanaota pia, na wako wanaoyatumia, lakini mahindi yanashika ukungu kabla hujageuka. Ulezi ni mdogo, unakauka upesi, wadudu hawaupendi, ghalani unakaa miaka. Na utamu wake ni mwingine kabisa. Pombe ya kimea cha ulezi ina rangi ya udongo wa Rungwe baada ya mvua na inaacha kitu kinywani hata ukishaweka kikombe chini.

Sasa komoni. Mimi navundika unga wa mahindi na maji kidogo kwa siku kadhaa mpaka unukie uchachu mzuri, siyo uvundo. Halafu naukaanga kwenye bati pana juu ya moto wa kuni, nageuza bila kuondoka, mpaka uwe rangi ya karanga za kukaanga. Hatua hii ndiyo wapishi wengi wa siku hizi wanaikimbia kwa sababu inachosha mgongo na inakula kuni. Wanapika uji tu, wanatia kimea, wanaongeza sukari ili ilevye haraka. Hiyo siiiti komoni. Unga uliokaangwa ndio unaoipa ile harufu ya mkate, na ndio unaofanya isikuumize tumbo.

Ukishakaanga unauchanganya na maji, unachemsha, halafu unasubiri. Hapa sikiliza vizuri: usitie kimea kwenye uji unaochemka. Ukikitia kwenye moto mkali umekiua, hakitafanya kazi yoyote, na pombe itabaki uji mzito usio na utamu wala nguvu. Sisi tulifundishwa na mama zetu kupima kwa kidole: ukiweza kukizamisha na kuhesabu polepole hadi tatu bila kukitoa, tia kimea. Kesho yake asubuhi inachemka yenyewe bila moto, unasikia inavyonong'ona ndani ya pipa. Chuja kwa mfuko safi, machicha wape nguruwe au kuku. Inywewe siku hiyo hiyo. Siku ya pili bado ni pombe, ila imekuwa kali na nyembamba, na walio wengi wanaokwenda vilabuni kuitafuta hiyo ya pili ndio waliotuharibia jina.

Kimpumu sasa. Hii ndiyo pombe ya heshima kwetu, ndiyo maana uliikuta msibani. Hii haichujwi. Ulezi unakuwa mzito, mkavu kiasi, unaiva ndani ya chungu kwa siku kadhaa ukiwa umefunikwa, na kinachotoka si kinywaji bado, ni tope lenye harufu kali na tamu. Mnywaji ndiye anayemalizia kazi. Unachota tope hilo, unajaza kikombe kikubwa au kibuyu kama nusu, unamimina maji ya moto. Usikoroge kwa fujo. Povu linapanda la rangi ya kahawia, punje zinaelea, baadaye zinashuka taratibu. Subiri. Watu wasioijua wanakosea hapa, wanatumbukiza mrija papo hapo wanavuta maji matupu. Iache ikae kitambo, mpaka povu lianze kupasuka katikati, ndipo utie mrija hadi chini kabisa na uvute polepole.

Mrija nao una maana. Wa asili ni wa utete, mwisho wake una kichujio kidogo kilichosukwa ili punje zisipite. Usimpe mgeni mrija wa plastiki wa soda, utaziba, na atapuliza badala ya kuvuta. Na kila mtu awe na mrija wake, zamani na sasa. Kikombe kinaweza kuwa kimoja, mrija hapana.

Kikombe cha kwanza ni kikali, cha pili ndicho kitamu kuliko vyote, kwa sababu ulezi umeshalegea na umetoa kila ulichonacho. Unaongeza maji ya moto tena na tena juu ya tope lile lile mpaka ladha iishe. Kwa hiyo kimpumu haiuzwi kwa kikombe, inauzwa kwa kikao. Mtu anakaa nayo saa mbili, anaongea, chupa ya chai yenye maji ya moto iko karibu, hakuna anayemharakisha. Mgahawa wako ukitaka watu wanywe wasimame waondoke, hii usiiweke. Ukiwa na viti vizuri na moto wa kuota, anza na hii.

Komoni iweke siku ya soko. Ulanzi masika. Kimpumu mwezi wa sita hadi wa nane, baridi inapouma. Kila kitu kina wakati wake na usilazimishe vyote vitatu mezani kila siku ya mwaka.

---

Fundi Mitambo ya Bia

Habari za humu. Shikamoo Mama Kimea. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha bia kwa muda mrefu, nitaongeza ya upande wangu, kwa sababu alichosema mama kuhusu kidole na kimea ndicho tunachofanya kwa vipimajoto vya gharama kubwa.

Ndani ya punje iliyoota kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Vinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto za 60 na kitu, ukipita 75 hivi vinaanza kufa. Baada ya hapo hamira inakula sukari na kutoa kilevi na hewa, na bakteria kama wale wa maziwa ya mgando wanatoa ule uchachu. Bia ya chupa tunaua bakteria hao kwa makusudi. Pombe zetu zinawatumia, na uchachu wao ndio unaozuia vijidudu vingi vibaya. Uchachu si kasoro, ni sehemu ya mapishi.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Bia ya rangi ya dhahabu tunayoiona kila friji ni aina moja tu, na si ya zamani. Mfano wake ulipikwa kwanza mji wa Plzeň mwaka 1842, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Ikaenea duniani mpaka watu wakaamini bia ni hiyo na nyingine zote ni ushamba. Ulaya kwenyewe aina nyingi za kale nusura zipotee.

Chukua Ubelgiji. Kandokando ya Brussels kuna bia iitwayo lambic. Hawatii hamira. Miezi ya baridi wanachemsha, wanamwaga kwenye sinia kubwa la wazi, wanaliacha usiku kucha hewa ya nje ilete hamira yenyewe, kisha wanaihifadhi kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu. Ni chachu kweli kweli. Mgema Kilolo, mapipa yao yanakaliwa na hamira kizazi hadi kizazi, sawasawa na unavyoeleza mbeta. Leo watu wanapanda ndege kwenda kuinywa. Na mwaka 2016 UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mfano mwingine unaonipa moyo zaidi. Kijiji cha Hoegaarden, huko huko, kilikuwa na bia yake nyeupe ya ngano, yenye giligilani na maganda ya chungwa. Miaka ya 1950 kiwanda cha mwisho kikafungwa, ikawa imekufa. Mwaka 1966 Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa pale kijijini na aliyewahi kusaidia kazi kwenye kiwanda hicho cha mwisho, akaanza kuipika upya. Leo aina hiyo inapikwa mabara yote. Mtu mmoja aliyekumbuka ladha alitosha.

Finland nao wana sahti, ya shayiri na mreteni, haichemshwi sana na haikai muda mrefu, na tangu 2002 Umoja wa Ulaya unalilinda jina lake: ukipika kinyume na utaratibu wake huruhusiwi kuiita hivyo. Tunapokuwa na ndugu wanaotia sukari pipani na kuiita komoni, hilo lingetufaa hata sisi.

Na kimpumu haiko peke yake. Wateso wa Uganda na Kenya wana ajono, ya ulezi, maji ya moto na mirija mirefu. Nepal wana tongba, ulezi ule ule, maji ya moto yale yale, mrija ule ule, na watalii wanaipiga picha usiku na mchana. Sisi tunaificha nyuma ya nyumba.

---

Nesi wa Zahanati

Naunga mkono uzi, ila nisipoandika hili nitakuwa sijatenda haki. Kwenye zahanati tunapokea wagonjwa wa pombe chafu, na karibu kila mara tatizo ni nafaka iliyoharibika, maji, au kitu kilichoongezwa.

Januari 2015, kule Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani na 75 wakafa. Mwanzoni watu walisema ni sumu ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha ni sumu iliyotengenezwa na bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Pombe ilikuwa ya kawaida, mpishi alikuwa wa kawaida na yeye mwenyewe alifariki. Unga ndio uliokuwa mbaya.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mafinga, usikubali kamwe mahindi yaliyolowa mafuriko, yenye ukungu wa kijani au mweusi, au unga uliokaa ukaharibika. Kuna imani kwamba mahindi mabovu "yanafaa kwa pombe tu". Imani hiyo inaua, polepole kwa ini au ghafla kama Chitima. Nafaka isiyofaa ugali haifai pombe. Maji ya kuongezea kwenye ulanzi yasiwepo kabisa, na ya kimpumu yachemke kweli, yasiwe ya vuguvugu. Mapipa yaliyowahi kubeba dawa za shamba au mafuta usiyatumie hata ukiyaosha mara mia. Vyombo vioshwe na kuanikwa juani, mirija ya utete ichemshwe baada ya kila mnywaji.

Na wajawazito, watoto na madereva wapewe togwa, kinywaji kitamu cha nafaka kisicholevya. Mgahawa wako uko barabara kuu, hilo usilichukulie kirahisi. Togwa nzuri ya ulezi ni kinywaji cha heshima kabisa, weka nayo mezani kwa uzito ule ule.

---

Mdau wa Mafinga

Shikamoo mama, na nisamehe sikuanza na salamu yako. Mgema, Fundi, Nesi, ndaga fijo wote.

Nimeamua hivi. Sitaanza na vyote. Wageni wa barabarani wanaoendesha watapewa togwa, na nimeshaongea na mke wangu, yeye ndiye ataisimamia. Kimpumu itakuwa Ijumaa na Jumamosi jioni kwa wanaolala nyumba za wageni hapa mjini, pale nyuma penye moto, na itauzwa kwa kikao kama alivyosema mama. Ulanzi nitausubiri masika. Nitakwenda kwa Mgema kuona machipukizi aliyoyaacha, na nitaandika kwenye ubao saa uliokingwa.

Nimebaki na mambo mawili. Mama, je, tope la kimpumu linasafiri kutoka Tukuyu hadi Mafinga, au nikupelekee mtu ajifunze? Na mirija ya utete yenye kichujio naipata wapi? Hapa kwetu sokoni sijaiona.

---

Mama Kimea, Tukuyu

Marahaba mwanangu, yamekwisha.

Linasafiri kuliko pombe nyingine yoyote, kwa sababu bado halijatiwa maji. Lishindiliwe kwenye ndoo yenye kifuniko kisichobana sana, lisipigwe jua, lifike siku hiyo hiyo. Lakini usitegemee basi kila wiki. Nakushauri ulete mtu ajifunze, na awe mwanamke mvumilivu anayependa kazi, si kijana wa kuangalia simu. Akae nami kuanzia kuloweka ulezi hadi kikombe cha kwanza, hiyo ni zaidi ya wiki, atalala kwangu na atakula tunachokula. Aje na ulezi wenu wa huko huko, nataka nimfundishe kwa nafaka atakayoitumia, maana kila ulezi unaota kwa mwendo wake.

Mirija kuna mzee hapa jirani anaisuka. Vijana wake hawakutaka kujifunza, kwa hiyo huyo mtu wako akija, nitampeleka kwake siku moja akae naye pia. Mpe nauli ya kwenda na kurudi, na umwambie aje na sweta, Tukuyu mvua haina adabu.

---

Mgema Kilolo

Mama, huyo mzee wa mirija nami naomba nimtumie mtoto wangu wa pili. Anapenda kusuka na mikono yake ni myepesi. Wanaweza kuja pamoja na mtu wa Mafinga, nitampandisha gari la Mbeya Iringa stendi, wakutane Mafinga. Semeni tu ni wiki gani.